Kupungua, Kunenepa na Matiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanawake wa Mbeya, Tukuyu, Makambako, Njombe, Mafinga na Iringa: kliniki, kwenye vikoba, salooni, na mara nyingi pembeni, kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Yamepangwa kuanzia yale ya kawaida. Kama swali lako ni kuhusu titi moja tu lililobadilika, usisome kwa mfuatano. Ruka hadi swali la titi moja, kwenye sehemu ya mwisho, sasa hivi.

## Mambo ya msingi

Nikipungua mwili, matiti nayo yatapungua?

Kwa wanawake wengi, ndiyo. Ndani ya titi kuna tezi zinazotengeneza maziwa pamoja na mirija yake, kuna mafuta, na kuna nyuzi zinazoshikilia vyote hivyo chini ya ngozi. Msuli haumo. Msuli wa kifua uko nyuma ya titi, juu ya mbavu.

Mtu anapopungua, yanayotumika ni mafuta, na mafuta ya matiti ni sehemu ya mafuta ya mwili mzima. Tezi zenyewe hazisinyai kwa sababu umeacha maandazi. Hizo huongozwa zaidi na homoni: hedhi, mimba, kunyonyesha na umri.

Mbona mimi na mwenzangu tulianza pamoja, yeye kifua kimeisha na changu kiko vilevile?

Kwa sababu kiasi cha mafuta ndani ya matiti hakilingani kati ya mwanamke na mwanamke. Mwenye matiti yaliyojaa mafuta huona tofauti mapema, na mwenye tezi nyingi anaweza kupungua kilo kadhaa na sidiria ikabaki ileile. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kujishika. Urithi una sehemu kubwa katika jambo hili, umri nao upo: wasichana wengi wana tezi nyingi, na kadiri miaka inavyokwenda, hasa baada ya hedhi kukoma, nafasi ya tezi huchukuliwa na mafuta. Ndiyo maana mama wa miaka 55 akipungua, kifua kinaweza kuonyesha haraka kuliko cha binti yake.

Ni kilo ngapi zinapunguza saizi moja ya sidiria?

Hakuna kiwango kinachomfaa kila mtu. Anayekutajia namba anabahatisha.

Nataka tumbo liondoke lakini matiti yabaki. Inawezekana?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni gumu kulipokea: huwezi kuuchagulia mwili mahali pa kutoa mafuta. Mazoezi ya tumbo huimarisha misuli ya tumbo, hayayeyushi mafuta yaliyo juu yake. Mkanda wa kubana unabana, ukiuvua tumbo linarudi. Mwili hutoa mafuta kwa mpangilio wake, na mpangilio huo umeurithi.

Yaliyo mikononi mwako ni machache lakini yana maana: kupungua taratibu badala ya kwa pupa, kula protini ya kutosha, na kufanya kazi au mazoezi ya nguvu ili kinachoondoka kiwe mafuta zaidi na msuli kidogo.

Nikinenepa yataongezeka?

Mara nyingi yanaongezeka, ila hapo napo huna uchaguzi. Kuna ambao kilo za kwanza huenda kwenye nyonga na mapaja, kuna ambao huenda tumboni. Kunenepa kwa makusudi ili upate kifua ni biashara ya hasara, kwa sababu mafuta ya tumboni huleta presha na kisukari, na unene baada ya hedhi kukoma huongeza hatari ya saratani ya matiti.

## Kula na kupungua

Nile nini kwa vyakula vyetu vya huku ili nipungue bila kuchakaa?

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la chakula. Hatuna sababu ya kununua makopo ya unga wa kupunguza mwili wakati sokoni kuna kila kitu. Tatizo la wengi wetu si ugali wala viazi. Tatizo ni ukubwa wa tonge, na vile vinavyoingia kabla ya ugali haujafika mezani.

Tazama asubuhi ya Julai pale Uyole. Baridi kali, umevaa sweta na kitenge juu. Kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, maandazi mawili au chapati. Saa nne, chai nyingine. Mchana wali wa Kyela uliojaa sahani, maharage kidogo pembeni, mboga ya majani kama pambo. Jioni chipsi za njiani kwa sababu umechoka. Hapo ndipo kilo zinapokaa. Mafuta ya kupikia yana kalori 9 kwa kila gramu, na wanga una 4, kwa hiyo chipsi na maandazi hukushinda kabla hujashiba.

Geuza sahani. Nusu yake iwe mboga: majani ya maboga, chainizi, kabichi, mnafu. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi vya kuchemsha. Robo iliyobaki iwe maharage, njegere, mayai, usipa wa Ziwa Nyasa, samaki au nyama isiyo na mafuta. Chai usiiache, punguza sukari kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Parachichi ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zake zina kalori zipatazo 160, na yale makubwa ya Rungwe na Njombe yana zaidi ya hapo mara mbili. Kula nusu, nusu mpe mtoto.

Lengo la nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki linatosha. Ikiwa mizani haisogei kwa wiki mbili, usijinyime zaidi, angalia kwanza mafuta ya kupikia na vinywaji.

Je, nikinywa maji ya ndimu au kula matunda tu kwa wiki nzima?

Utapungua, ndiyo, na wengi hufurahia sana siku za mwanzo. Lakini sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, na kadiri unavyoendelea bila protini, mwili unakula msuli. Ukirudi kula kama zamani, uzito unarudi. Kupanda na kushuka hivi mara kwa mara ndiko kunakoichosha ngozi ya kifua. Inavutika, inaachiwa, inavutika tena.

Kufunga kwa Ramadhani au Kwaresima si dayati, na hakuhitaji kugeuzwa kuwa hivyo. Anayefuturu kwa vitumbua, tambi na juisi ya sukari anaweza kumaliza mwezi ameongezeka.

Nimepungua vizuri, lakini matiti yamelala. Kwa nini?

Ngozi ilitanuka ili kubeba ujazo mkubwa. Ujazo umepungua, ngozi imebaki na upana wake, kama kiroba cha mahindi kilichochotwa nusu. Nyuzi za ndani zilizovutika nazo hazirudi zikawa fupi. Anayepata hali hii zaidi ni yule aliyepungua kilo nyingi, aliyekuwa na matiti makubwa tangu mwanzo, aliyebeba mimba kadhaa, mwenye umri mkubwa, na mvutaji wa sigara.

Ngozi ya msichana inaweza kujirudi kiasi katika miezi inayofuata. Baada ya hapo, kinachobaki ndicho umbo lako jipya. Krimu na mafuta ya kukaza hulainisha ngozi, hayafupishi nyuzi. Usitoe pesa ya ada ya mtoto kununua kopo la namna hiyo, hata kama muuzaji ana picha za kabla na baada. Kwa wanaofikiria upasuaji, lipo swali lake mwishoni.

Mazoezi ya kifua yanakuza au kuinua matiti?

Hayakuzi, kwa kuwa titi halina msuli. Pushapu, hata zile za kuegemea ukuta, hujenga msuli ulio nyuma ya titi, na kifua kinaweza kuonekana kimejaa kidogo na mgongo ukanyooka. Mgongo ulionyooka pekee hubadilisha mwonekano kuliko wengi wanavyodhani. Ukikimbia au kupanda vilima, vaa sidiria inayobana sawasawa ili matiti yasirukeruke na kuuma.

## Kuongeza

Kuna vidonge vya kunenepa vinauzwa kimyakimya. Vinajaza kifua kweli?

Naomba swali hili lisomwe na kila binti. Vingi vya vidonge hivyo, hasa vile vinavyouzwa ndani ya kifuko kisicho na jina, vinaweza kuwa na dawa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni. Hiyo ni dawa halali hospitalini kwa magonjwa maalumu, kwa kipimo na muda maalumu. Ukiimeza kiholela, hamu ya kula inapanda, mwili unashika maji, uso unavimba na kuwa wa mviringo, tumbo linajaa. Ndugu wanakusifia umenawiri. Ndani, sukari na presha vinapanda, mifupa inadhoofika, ngozi inakuwa nyembamba na kupasuka michirizi, na kinga ya mwili inashuka.

Tena kuna mtego mwingine. Mwili ukizoea dawa hiyo kwa wiki nyingi, huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukiacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka hadi kuzimia. Kwa hiyo kama umekuwa ukivimeza, usivitupe leo ukanyamaza. Nenda kituo cha afya navyo mkononi, useme ukweli, wakupangie namna ya kupunguza. Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekufokea kwa hilo.

Na soya, uwatu, papai bichi?

Soya inalimwa sana huku na uji wake ni lishe nzuri. Ina viambato vinavyofanana kidogo na homoni ya kike, lakini kwa kula kawaida havikuzi matiti, wala havimpi mwanaume matiti. Uwatu na papai ni chakula pia. Kula kama chakula.

## Mimba, kunyonyesha na uzazi wa mpango

Nimejifungua na mwili umetanuka. Naweza kujinyima huku nanyonyesha?

Kujinyima, hapana. Kupungua taratibu, ndiyo. Kutengeneza maziwa kunatumia kalori takriban 500 kwa siku kwa mama anayenyonyesha tu bila kumpa mtoto kitu kingine, kwa hiyo mwili tayari unafanya kazi ya kupunguza. Subiri wiki sita za mwanzo zipite na maziwa yakae sawa, kisha punguza sukari, vya kukaanga na vitafunwa. Nusu kilo kwa wiki haimdhuru mtoto.

Mtori, supu na uji wa uzazi vina nafasi yake, na mama mkwe anayeleta chupa ya uji saa tisa alasiri anafanya tendo la upendo. Unaweza kupokea, ukaomba sukari na siagi vipungue. Usikatae chakula chote ili kurudi kwenye umbo la zamani kabla ya arobaini.

Kunyonyesha ndiko kunakolaza matiti?

Hapana, na imani hii inawanyima watoto haki yao. Tafiti zilizolinganisha akina mama walionyonyesha na wasionyonyesha hazikuona kuwa kunyonyesha kwenyewe ndiko chanzo. Mimba ndiyo inayotanua matiti, na kila mimba inaongeza. Ukiacha kunyonyesha mapema, kilichokwisha kutanuka hakirudi. Endelea kumpa mtoto maziwa yako peke yake kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Baada ya kumwachisha mtoto matiti hunywea, na kwa miezi kadhaa yanaweza kuonekana matupu kuliko kabla ya mimba. Kwa wengi mafuta hurudi kiasi.

Nimepungua, matiti yamekuwa madogo. Nikizaa nitakuwa na maziwa?

Ndiyo. Ukubwa wa titi ni habari ya mafuta, maziwa ni habari ya tezi na mtoto anavyonyonya. Mwenye matiti madogo anaweza kulazimika kunyonyesha mara nyingi zaidi kwa siku, basi.

Sindano ya miezi mitatu imeninenepesha na kifua kimejaa. Niiache?

Baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiwa kwenye sindano hiyo, wengine hapana. Vidonge navyo vinaweza kujaza matiti au kuyafanya yaume katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Usiache kabla ya kupata njia nyingine mkononi. Mweleze mtoa huduma, kuna kijiti, kuna kitanzi, na kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa.

## Sidiria

Nimepungua, sidiria zote zinapwaya. Nitachaguaje mtumbani?

Kwanza jipime nyumbani. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe chini ya matiti, ibane bila kujikaba. Tuseme umepata sentimita 75. Hiyo ndiyo namba yako kwenye sidiria nyingi za Ulaya: 75. Lebo za Uingereza na Marekani huandika 34 kwa kipimo hichohicho, na za Ufaransa huandika 90. Kwenye rundo moja la soko la Mwanjelwa, Mbeya, zote zimechanganyika, ndiyo maana dada mmoja anashika 90 anaiweka chini akidhani ni ya mama mnene, kumbe ingemkaa. Kumbuka hivi: 70 ni 32, 75 ni 34, 80 ni 36, 85 ni 38.

Herufi inasema kina cha kikombe, lakini haisimami peke yake. Kikombe cha 34C ni sawa na cha 36B. Kwa hiyo ukipungua mgongoni na kifuani kwa pamoja, unaweza kutoka 36C ukaenda 34C. Herufi ni ileile, ila kikombe ni kidogo zaidi. Wengi hushuka herufi peke yake, wakabaki na mkanda unaopanda mgongoni.

Ukiipata, vuta mkanda wa nyuma kwa mikono miwili kisha uachie. Ukirudi polepole umejikunja kama utepe, mpira wake umekufa, iache hata kama lesi yake inang'aa. Ijaribu juu ya blauzi nyembamba. Mkanda ukae sawa mbele na nyuma, vidole viwili vipite chini yake, na ufunge kwenye ndoano ya nje kabisa, ili ikilegea baadaye uwe na za kuingia ndani. Ifue kwa maji ya moto na uianike juani kabla ya kuvaa. Na kama bado unaendelea kupungua, nunua mbili tu kwa sasa.

Matiti makubwa yananiletea vidonda chini yake na mabega yanauma.

Sidiria yenye mkanda imara na mikanda mipana ya mabegani husaidia mabega. Chini ya matiti, osha, kausha vizuri kwa kitambaa laini, weka kipande cha khanga ya pamba kinyonye jasho. Pakiwasha, pakawa pekundu na kutoa harufu, mara nyingi ni fangasi na kuna krimu yake, uliza kituo cha afya. Kupungua uzito hupunguza tatizo hili kwa wengi.

## Hali za pembeni

Nimepungua kwa bidii yangu, mtaani wanasema nina ngoma.

Maneno haya yanaumiza, na huku kwetu yana historia. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini, na miaka ile kabla ya dawa watu walizika ndugu zao waliokonda. Hofu hiyo imebaki machoni. Wapo wanawake walioacha kupunguza mwili, huku presha ikipanda, ili tu majirani wanyamaze. Afya yako isiamuliwe barazani kwa watu. Kipimo ndicho kinachojua hali yako, nao hawajui. Kapime kwa ajili yako mwenyewe.

Ila ikiwa unapungua bila kujinyima wala kubadili chochote, hilo ni jambo jingine. Kifua kikuu, kisukari, VVU na matatizo ya tezi ya shingo yote hukondesha. Nenda kapimwe.

Natumia ARV. Uzito na kifua vimebadilika.

Dawa za zamani, hasa stavudini, zilikuwa zinahamisha mafuta: mikono na mashavu yanakonda, tumbo na matiti yanajaa. Hiyo haitumiki tena kama zamani. Dawa za sasa zenye dolutegravir zimehusishwa na kuongezeka uzito kwa baadhi ya watumiaji, na wanawake ni wengi kati yao. Usiruke dozi ili upungue. Sema CTC, yaani kliniki unakochukulia dawa zako, na ufuate sahani iliyoelezwa kwenye swali la vyakula vya huku.

Binti yangu ana miaka 14, anajinyima kula kwa sababu ya kifua chake.

Matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na yanaweza kuendelea kubadilika hadi karibu miaka 18. Kumpunguzia msichana anayekua chakula kunaweza kuchelewesha ukuaji na kusimamisha hedhi. Mara nyingi nyuma yake kuna matani ya shuleni. Mnunulie sidiria inayomtosha, zungumza naye faraghani, na ndugu wa kiume wakatazwe kabisa kutania mwili wake. Akianza kutapika baada ya kula au kukataa chakula siku nzima, mpeleke hospitali.

Mume wangu ameota matiti.

Kwa mwanaume mnene mara nyingi ni mafuta, na yanapungua akipungua. Lakini likiwepo bonge gumu nyuma ya chuchu, hiyo ni tezi, na dawa fulani au ini lililoharibiwa na pombe huweza kuwa chanzo. Anayekunywa ulanzi kutwa msimu mzima asiseme ni kitambi tu. Aende akapimwe. Wanaume pia hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache.

Titi moja tu limebadilika. Ni kwa sababu nimepungua?

Usikubali jibu hilo kirahisi. Kupungua uzito hugusa matiti yote mawili. Kutolingana kidogo tangu ujana ni kawaida kabisa. Kisicho kawaida ni badiliko jipya la upande mmoja: uvimbe, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, damu kwenye chuchu, kidonda kisichopona, uvimbe kwapani. Wakati mwingine mtu akipungua ndipo uvimbe uliokuwepo siku nyingi unapogusika, akadhani umeletwa na dayati. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hakuna anayejua kwa kugusa.

Nenda kituo cha karibu wiki hii, uombe rufaa ya hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wakikuelekeza Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nenda. Usianzie kwa mganga, wala kwa mafuta ya kuombewa ukasubiri. Omba, na siku hiyohiyo panda basi.

Upasuaji wa kupunguza au kuinua matiti upo?

Upo nchini, kwenye hospitali kubwa zenye madaktari bingwa wa upasuaji wa aina hiyo, hasa Dar es Salaam. Daktari mzuri atataka uzito wako uwe umetulia kwa miezi kadhaa kwanza, kwa sababu ukipungua au kunenepa baadaye umbo linabadilika tena. Atakuuliza pia kama bado unataka kuzaa, maana mimba hutanua matiti upya na upasuaji wa kupunguza unaweza kugusa mirija ya maziwa. Kovu hubaki.